Mpishi Aliyekuwa Haonji

Huyo mpishi alikuwa haonji chakula chake. Wacha nianze na hapo, kwa sababu watu wote wa Thika walianzia hapo. Ukimtaja hata leo, hakuna mtu atakuuliza alitoka wapi ama ni mtoto wa nani. Atakuuliza tu, ni yule mzee wa supu nyeupe, yule alikuwa haonji? Ndiye huyo.

Hoteli yake ilikuwa nyuma ya stesheni, ukuta kwa ukuta na kibanda nilichokuwa natengeneza baiskeli. Mimi nilisoma mpaka standadi siksi, halafu mimi na shule tukaachana bila kugombana, nikaingia kwa mambo ya spoki na pancha. Kwa hivyo hiyo supu nilikuwa nainusa tangu asubuhi, na ukinusa kitu namna hiyo siku nzima, hata mnyororo wa baiskeli unaanza kufanana na shingo ya kuku.

Alikuwa anachemsha mifupa, vichwa, mabawa, miguu iliyotolewa kucha, yote kwa sufuria moja kubwa ya jeshi. Si kuchemsha pole pole vile mama zetu wanafanya. Moto ulikuwa mkali, sufuria inanguruma kama lori inapanda kilima na mzigo wa mkonge. Alikuwa anasema supu ya moto mdogo ni maji ya kuoga. Ilikuwa inanguruma hivyo mpaka maji na mafuta yamechoka kubishana, yanakuwa kitu kimoja, nyeupe, nzito, kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi. Ukiinywa ikapoa kidogo kwa midomo, midomo inashikana. Kwa mtu anayependa kuongea kama mimi, hiyo ilikuwa hatari kubwa.

Ndani ya supu alikuwa anatia kamba za unga wa ngano. Unga aliukanda na maji ya magadi, hii magadi ya kawaida tunayotia kwa githeri, mahindi na maharagwe yetu, basi unga unageuka manjano na kuvutika kama raba ya tyubu. Siku ya kwanza nilimuuliza kama hao kuku wake wanaoletwa kutoka Ngoliba wote wana minyoo mirefu hivyo. Hakucheka. Aliniambia, "Vuta na sauti." Ukila kimya kimya alikuwa anakuja kusimama karibu na wewe mpaka uvute na sauti. Kwa hivyo saa ya mchana ukipita nje ungedhani ndani kuna ng'ombe wanakunywa maji kwa mtaro.

Wateja wake wa kwanza walikuwa watu wa kutoka magharibi ya nchi waliokuwa wanafanya kazi kwa kiwanda cha ngozi. Hao kuku ni ndugu yao. Sisi Wakikuyu tulikuja baadaye na aibu kidogo. Baba yangu hajawahi kuweka kuku mdomoni. Kwake yeye kuku ni saa ya kuamka, na nani anakula saa? Lakini njaa ya mjini si kama njaa ya nyumbani, na hiyo harufu haikuuliza kabila.

Mambo mawili tu ndiyo yalikuwa yanasumbua wateja. La kwanza ni chumvi. Supu haikuwa na chumvi ya kutosha hata siku moja. Mtu anayeonja angejua, lakini huyu haonji, na nani angemwambia? Alikuwa na mwili kama mlango wa godauni. Kwa hivyo kila mtu alikuja na chumvi yake imefungwa kwa kipande cha gazeti, mpishi akigeuza uso tu, sisi wote tunanyunyiza. Ungetuona ungedhani tunafanya uchawi.

La pili ni firigisi. Hao watu wa magharibi waliniambia kwao firigisi haiwi ya mtu yeyote tu. Ni ya baba wa nyumba, ama ya mgeni wa heshima, na ukiila bila kupewa unaweza kufukuzwa na wazazi wako mwenyewe. Na mpishi alikuwa mtu wa huko huko, alijua hiyo mambo vizuri. Sasa kila kuku ana firigisi, na kila siku anapika kuku wengi, na hakuna mteja amewahi kuipata kwa bakuli. Zilikuwa zinaenda wapi? Mimi nilijua, kwa sababu dirisha langu liliangalia huko. Alikuwa anazipika kando, anaziweka kwa kisahani juu ya rafu karibu na mlango, zinakaa hapo mchana wote, na jioni kabla ya kafyu anampa paka. Hiyo paka ilikuwa nene kuliko chifu.

Huo mlango nao ulikuwa na maneno yake. Haukufungwa mchana. Mvua inaingia, vumbi la barabara linaingia, baridi ya mwezi wa saba inaingia, mlango uko wazi. Mtu akiamka kuufunga, mpishi anaufungua tena bila kumkemea. Na akishapakua, alikuwa na namna yake ya kusimama. Anakupa bakuli na mikono miwili, anarudi nyuma kidogo, anaunganisha mikono mbele ya aproni, anainamisha kichwa, anangoja uanze. Haonji mbele yako, haondoki, haongei. Anangoja tu.

Nyinyi mnajua vile hiyo inaonekana kwetu. Ukienda kwa mtu akupe pombe, yeye mwenyewe anakunywa kwanza kidogo, unaona amemeza, ndiyo unapokea. Hata uji, hata maziwa. Mwenye nyumba anaonja ndiyo mgeni ajue roho yake ni safi. Sasa hapa kuna mzee mkubwa, amekupa kitu cheupe hujui ni nini, hajagusa, na anakuangalia mdomo. Wageni wengi waliomba maji, wakaenda kunywa hayo maji Ruiru.

Nilimuuliza siku moja, "Mzee, kwa nini wewe huonji? Unatuogopa ama unaiogopa?"

Akasema, "Kula, we kijana wa mdomo. Inapoa."

Alikuwa ametoka vita ya Burma, hiyo kila mtu alijua, na kofia yake ya jeshi ilikuwa imetundikwa juu ya jiko mpaka ikawa nyeusi. Lakini usingedhani. Wenzake waliotoka vita walikuwa wanakuambia habari ya vita hata hujauliza, kila mmoja ameua nusu ya Japani peke yake. Huyu aliniambia kitu kimoja tu, kwamba hiyo supu alifunzwa huko na Mjapani aliyekamatwa, mfungwa, alipewa yeye amchunge pale jikoni. Nikasema basi hiyo ndiyo vita nzuri, unapigana na mtu halafu anakufundisha kupika. Akaenda kupuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa.

Na askari huyo mkubwa alikuwa hawezi kuchinja kuku. Kuku walichinjwa na mama aliyekuwa anawaleta kutoka Ngoliba, Mkamba mmoja mwembamba asiyeogopa mtu. Mpishi alikuwa anageuka anaangalia reli mpaka mama amalize. Tena alikuwa mkali ukiacha supu kwa bakuli, anakuuliza kama mama yako anajua unavyokula. Lakini mtu mmoja wa lori, mgeni, alimwaga mabaki yake hapo nje ya mlango. Tulingoja tuone huyo mtu akirushwa. Mpishi alitoka mbio, akampita kama hakumwona. Akapiga magoti kwa matope, akaanza kupapasa na vidole pale supu ilimwagika, pole pole, kama mtu ameangusha pete. Hakukuwa na kitu. Aliendelea kupapasa mpaka nikaenda nikamshika bega. Mzaha nilikuwa nao, mwingi tu, lakini bega lake lilikuwa linatetemeka nikauacha.

Hapo ndiyo nilianza kuogopa hiyo hoteli, na nilikuwa naenda kila siku. Nilianza kuona vitu. Upepo unaingia ndani lakini mvuke wa sufuria unaelekea nje, mlangoni. Paka inakaa chini ya rafu, haiangalii firigisi, inaangalia hewa ya hapo kwa mlango, kichwa kinapanda juu mpaka pale uso wa mtu mfupi ungekuwa. Nikajiambia ni macho yangu, nimekaa sana na gundi ya pancha.

Halafu mama wa kuku akaja siku moja saa ya chakula, amebeba kuku mkono huu na mkono huu, vichwa chini. Alifika mlangoni akasimama. Akasogea kando, akangoja kidogo, halafu akaingia. Mimi nilikuwa na bakuli langu karibu na hapo. Nikamuuliza anampisha nani.

"Si huyo mtu wa kofia ndogo," akasema. "Amesimama hapo katikati kama ni kwake."

Sisi tulicheka, maana hapakuwa na mtu. Mpishi hakucheka. Aliweka upawa chini. Sauti yake nilikuwa sijawahi kuisikia ikiwa ndogo hivyo.

"Mama, anaonekana ana njaa?"

Mama alifikiria, kama mtu ameulizwa njia. "Hapana," akasema. "Anaonekana anangoja."

Akaweka kuku chini akadai pesa yake. Kutoka siku hiyo alikuwa anapitisha kuku dirishani.

Sasa, hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Neno lolote lililoanguka chini lilikuwa linaokotwa na askari. Homugadi mmoja, hawa walinzi wa serikali wa vijijini, alikula pale akashikwa na tumbo usiku. Mimi nilijua amekula pia maembe mabichi na nyama ya jana, lakini tumbo la homugadi si kama tumbo lako na langu, ni tumbo la serikali. Kesho yake mtu wa afya wa mji alikuja na askari wawili. Tulikuwa ndani, benchi zimejaa. Huyo bwana hakuwa mtu mbaya, hiyo nitasema. Aliangalia sufuria, akainusa, nikaona koo lake limepanda na kushuka.

Akamwambia mpishi, "Mzee, watu wanasema hii kitu yako wewe mwenyewe huigusi. Onja kijiko kimoja niende zangu. Kimoja tu."

Kijiko kimoja, ama hoteli ifungwe. Nilijua mpishi hana shamba, hana kitu kingine Thika isipokuwa hiyo sufuria. Alisimama vile anasimamanga, mikono mbele, akaangalia mlango. Mimi nikaamka nikasema wacha mimi ninywe, nimekunywa kila siku na mnaona nimeharibika akili tu, tumbo liko sawa. Nikanywa bakuli zima mbele yao. Watu wa kiwanda wakanywa pia. Yule bwana akatikisa kichwa.

"Nyinyi hamkuipika. Aliyeipika ndiye aonje."

Na alisema ukweli, kila mtu hapo ndani angesema vile vile kwake nyumbani.

Mpishi akasema, "Hii si yangu kuonja."

"Ni ya nani?"

Aliangalia mlango tena. Askari wakamwaga sufuria kwa mtaro. Aliangalia ikimwagwa, yote, na midomo yake ilikuwa inatembea. Asubuhi nilipofika kibandani mlango wa hoteli ulikuwa umepigwa misumari, na paka imekaa nje inauangalia. Mtu alimwona akienda na barabara ya Ruiru, sufuria kichwani.

Miaka ikapita, kafyu ikaisha, mimi nikaoa, tena mwanamke anayeongea kunizidi, kwa hivyo nyumbani napumzika. Siku moja nilipeleka baiskeli ya karani wa shamba la kahawa huko Gatongora. Kulikuwa na mvua ndogo ile haishi. Narudi na mguu, nikasikia harufu. Nilisimama barabarani kama punda. Kulikuwa na kibanda cha mabati, cha kulisha watu wa kuchuma kahawa, na mlango ulikuwa wazi, mvua inaingia.

Alikuwa amekaa kwa benchi. Ule mwili wa mlango wa godauni ulikuwa umekwisha, zimebaki bawaba. Alikuwa anakohoa, na mikono ilikuwa inatetemeka hivi kwamba mama mmoja wa jirani ndiye alikuwa anawapakulia wateja. Siku hiyo mama hakuwa hapo. Hakukuwa na mteja pia, mvua ilikuwa imewaweka kambini. Sufuria ilikuwa inanguruma peke yake.

"We kijana wa mdomo," akasema.

"Niko, Baba," nikasema, na nikashangaa kujisikia nimemwita Baba.

Aliniambia daktari amemsikiliza kifua akamwambia aende nyumbani kwao. Akasema hawezi kwenda bado, kuna mtu hapo mlangoni na hawezi kumwacha, na tena hawezi kumpeleka kwao. Halafu bila mimi kuuliza akanieleza.

Yule Mjapani aliyemfundisha supu alikuwa mfupi, mpole, mwenye kofia ndogo ya kitambaa. Walikaa jikoni pamoja wiki nyingi bila lugha, wanaonyeshana na mikono. Mpishi alimwonyesha na mikono kwamba kwao firigisi ni ya mtu wa heshima. Mjapani akacheka, akaelewa. Siku moja alipata kuku na unga, akapika hiyo supu tangu asubuhi. Akapakua bakuli moja. Akaweka firigisi juu kabisa. Akampa na mikono miwili, akarudi nyuma, akaunganisha mikono, akainamisha kichwa, akangoja.

"Hakuonja," mpishi akaniambia. "Nilingoja aonje. Na yeye anangoja mimi nile. Pengine kwao mgeni ndiye anaanza, sijui. Mimi nilijua kitu kimoja tu, kwetu mtu asipoonja ameweka kitu. Na tulikuwa tumeambiwa hao watu wana sumu. Nikaimwaga. Mbele yake. Kwa matope."

Alikohoa mpaka nikadhani ameisha.

"Akapiga magoti. Akatafuta firigisi kwa matope na vidole, akaipata, akaipangusa na nguo yake. Akaila yeye, ndiyo nione. Halafu akainama tena. Asubuhi lori ikaja ikawachukua wafungwa wote. Sijui ilifika wapi. Lakini angekuwa hai hangekuja kusimama mlangoni kwangu."

Kwa hivyo alikuwa amepika supu miaka hiyo yote na hajui ladha yake. Aliijua kwa macho, kwa harufu, kwa masikio. Aliilisha Thika nzima, na ile bakuli moja iliyokuwa yake ilikuwa kwa matope ya Burma.

"Mimi siwezi kujipakulia," akasema. "Haiwi. Inatakiwa kupewa. Na huyo mama wa hapa anaonja, ni desturi yake, siwezi kumkataza mtu adabu. Nikifa kama sijaila nitamkuta hapo mlangoni, na nitamwambia nini? Nipe wewe. Na usionje."

Mimi, Mkikuyu, mtoto wa mwanaume asiyekula kuku, nikaosha mikono. Nikavuta bakuli. Nikatia kamba, nikatia supu ya moto inaniunguza vidole, nikachukua firigisi kutoka kwa kisahani, kilikuwa kwa rafu kama Thika, nikaiweka juu. Mzaha ulikuwa umenijia mdomoni, mzuri sana. Nikaumeza. Nikampa bakuli na mikono miwili, nikarudi nyuma mpaka mlangoni, kibanda kilikuwa kidogo, nikaunganisha mikono nikainamisha kichwa. Nikangoja.

Ni kitu kigumu, kungoja mtu akuamini. Sikuwa najua. Mvua ilikuwa inanipiga mgongoni. Nilisikia kijiko kinagonga bakuli kwa kutetemeka, kikatulia, kikagonga tena, kikatulia muda mrefu hivi kwamba nilitaka kuinua uso. Sikuinua.

Halafu nikamsikia akivuta, na sauti. Akavuta tena. Akatafuna, meno machache, pole pole, na nikajua ni firigisi.

"Haina chumvi," akasema.

Nikainua uso.

"Miaka hii yote," akasema, na machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kwa bakuli, "mnakula supu haina chumvi. Hata wewe na huo mdomo wako. Hata wewe hukuniambia."

Akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Kilikuwa kicheko cha kijana. Nikatoa mfukoni kile kipande cha gazeti chenye chumvi, maana hata mwanamume aliyeoa hawezi kuacha tabia, nikamrushia. Akanyunyiza. Akala mpaka akainua bakuli akanywa, na akaliweka chini likiwa safi.

Halafu akaangalia mlango, si mimi, juu ya bega langu kidogo. Akajivuta kwa benchi, akasogea mpaka ukutani, kama mtu anampa mwingine nafasi ya kukaa.

Mimi nilikuwa nimesimama hapo katikati ya mlango. Nikasogea kando.